Mtoto Anapokosa Pumzi, Msimngoje Baba

"Namngoja baba yake." Kauli hii nimeisikia kwa miaka 36 nikiwa muuguzi wa wodi za watoto, kwanza Meru, kisha Embu, kisha Meru tena hadi nilipostaafu mwaka 2020. Huitamka mama aliyeketi ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani, kanga imelowa jasho la homa. Daktari amekwisha kusema: mtoto anahitaji kuongezewa damu, au kupasuliwa, au kuchomwa sindano ya mgongo ili maji yapimwe kama ana homa ya uti wa mgongo. Fomu ya idhini iko mezani, kalamu juu yake. Mama haigusi kalamu. Anamngoja baba yake.

Wanaosema hivyo si Waislamu peke yao. Nimejibiwa hivyohivyo na Wameru, Waembu, Wambeere na Wakamba wa kila kanisa lililoko huku mlimani. Lakini mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Majengo ya Meru, na leo nataka kusema na watu wangu. Wengine wakingoja husema ndiyo mila yao. Sisi tukingoja tunasema ndiyo dini. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, maana dini haijatuamuru kungoja, na mtoto aliyekufa kwa kungojewa ruhusa atatudai mbele ya Mungu.

Nianze na nyumba yetu wenyewe.

Babu yangu mzaa baba alifika Meru akiwa mpagazi kutoka pwani, miaka michache baada ya Mwingereza E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, kufungua boma la serikali hapa mwaka 1908. Akaoa msichana wa Kimeru, akamsilimisha, na huyo ndiye nyanya aliyenilea. Alikuwa mcha Mungu kuliko wote nyumbani. Swala ya alfajiri hakuwahi kuikosa, na Juzuu Amma niliihifadhi magotini pake kabla sijajua kusoma herufi moja ya Kizungu.

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu, wa mwaka mmoja na nusu, alianza kukohoa siku ya Jumatatu. Jumanne akawa hanyonyi. Jumatano mbavu zake zilikuwa zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, na pua zikitanuka. Leo mwanafunzi wa uuguzi wa mwezi wa kwanza angenitajia alama hizo bila kufungua daftari: ni kichomi kikali, mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Hospitali ya serikali ilikuwa karibu, mama angeweza kumbeba kwa miguu akafika. Lakini baba alikuwa ameenda Isiolo kununua mbuzi, na nyanya akasema mtoto hatoki mlangoni bila neno la baba yake. Likaletwa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mtoto akanyweshwa kwa kijiko. Nakumbuka maji yakimtoka puani.

Nyanya hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu yake. Hospitali alizozisikia zikitajwa tangu ujana wake zilikuwa za misheni: Chogoria ya Wapresbiteri, aliyoianzisha Daktari Clive Irvine mwaka 1922, Maua ya Wamethodisti, Nkubu ya Wakatoliki. Majengo ulivuma uvumi kwamba mtoto akizidiwa huko humwagiwa maji ya ubatizo, akafa akiwa si wetu tena. Kwake, hata hospitali ya serikali ilikuwa ileile, yenye kuta zilezile na watu walewale waliovaa nguo nyeupe. Aliona kwamba kumlinda mjukuu ni kumweka ndani.

Baba alirudi siku ya tatu, alasiri. Dada yangu alikuwa amezikwa asubuhi hiyo.

Nilisomea uuguzi kwa sababu ya juma lile. Sikupata kumwambia nyanya hivyo.

Miaka mingi baadaye, Ramadhani ya mwaka 2012, nilikuwa zamu ya usiku Embu. Mwaka ule mfungo uliangukia mwisho wa Julai na kuingia Agosti. Saa nne za usiku akaletwa mtoto wa miezi tisa kutoka upande wa Mbeere, kule chini kunakoteremkia Mto Tana, ambako mbu wa malaria wapo wakati sisi wa juu tunajifunika mablanketi mawili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Anapumua kwa haraka, kichwa kinafuata pumzi. Damu ilipopimwa, kiwango cha hemoglobini kilikuwa 3.4. Mtoto mzima huwa na zaidi ya 11. Mwongozo tuliokuwa nao wodini, unaotokana na wa Shirika la Afya Duniani, unasema aliye chini ya 4 aongezewe damu bila kusubiri lolote.

Mama alikuwa binti wa miaka kama 20. Mume wake dereva wa lori, yuko njia ya Moyale, na ukishapita Marsabit wakati ule simu ilikuwa haishiki. Aliyekuja naye ni mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyesema. Alikuwa na hoja tatu, nami niliziheshimu kwa sababu zilikuwa hoja za mtu anayeijali dini yake. Kwanza, baba wa mtoto hayupo, na mtoto ni wa baba. Pili, damu ni najisi, imeharamishwa katika Kurani. Tatu, hiyo damu ni ya nani? Na kama ni ya mwanamke, si itakuwa sawa na kunyonyeshwa, kesho huyu kijana akaoa dada yake bila kujua?

Daktari kijana aliyekuwa zamu alikasirika. Alisema kwa sauti, wagonjwa wengine wakisikia, kwamba nyinyi watu mtaua mtoto kwa ushamba. Mama mkwe akafunga mdomo, akavuta mtandio, na nikajua tumempoteza. Nimeyaona hayo mara nyingi, na madaktari wakisoma hapa waelewe: mtu akitukanwa dini yake hawezi tena kusikia habari ya hemoglobini. Nilimwomba daktari akalinganishe damu maabara, akaenda. Mimi nikatoka kwenye baraza, nikampigia simu maalim mmoja ninayemwamini.

Maalim aliniuliza maswali mawili tu. Bila damu hii mtoto ataishi? Nikasema, sioni akifika asubuhi. Kuna dawa nyingine ya kuchukua nafasi yake? Nikasema hakuna. Akaomba nimpe simu yule bibi. Sikusikia yote aliyomwambia, ila nilimwona bibi akilia, akisema "naam, maalim, naam." Alipomaliza alimgeukia mkwe wake, akamwambia, "Piga sahihi, mwanangu. Maalim amesema kama kuna dhambi ataibeba yeye."

Damu ilianza kuingia saa nane za usiku. Ilikuwa pakiti ya mwisho ya kundi lile kwenye friji. Wenzetu walikuwa wanaamka kula daku wakati midomo ya yule mtoto ilipoanza kupata rangi. Baba yake alifika siku ya tatu, kama baba yangu. Alimkuta mwanawe ananyonya.

Siku hizo tatu nimezifikiria sana. Kuna utafiti uliofanywa katika hospitali ya Siaya, magharibi mwa nchi, ukachapishwa mwaka 1992, uliowafuatilia watoto waliolazwa na upungufu wa damu. Watafiti waligundua kwamba kwa mtoto mwenye upungufu mkali na anayepumua kwa taabu, damu iliokoa maisha ilipotolewa siku ya kulazwa au siku iliyofuata. Ikichelewa zaidi ya hapo, haikuonekana kuleta tofauti. Kwa hiyo mtu anayesema "tungoje hadi kesho kutwa" anadhani ameahirisha uamuzi. Ameshaamua.

Sasa nirudi kwenye hoja za yule bibi, maana zinaishi katika nyumba nyingi, kutoka Majengo yetu hadi Majengo ya Embu, na hadi Isiolo na Maua.

Kuhusu najisi, aya ileile ya Sura ya al-Baqara inayoharamisha mzoga, damu na nyama ya nguruwe humalizia kwa kumwondolea dhambi aliyelazimika bila kutamani wala kupita kiasi. Hapo hatuhitaji shehe mkubwa wa kutufasiria. Kuhusu damu ya mwanamke kumfanya mtoto awe ndugu wa kunyonya, swali hilo lilishaulizwa na kujibiwa: mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Makka, lililo chini ya Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilikutana likaamua kwamba damu iliyotiwa mwilini mwa mtoto wa chini ya miaka miwili haileti uharimu wa ndoa. Udugu wa kunyonya ni wa maziwa. Na kuhusu damu ya asiyekuwa Mwislamu, sijapata kuona mahali ambapo sharia inauliza dini ya chembe nyekundu za damu.

Hoja ya baba ndiyo nzito. Ndiyo iliyomuua dada yangu.

Uwalii wa baba ni jambo kubwa katika dini yetu, na katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, baba ndiye wa kwanza, kisha babu. Sitalipunguza hilo. Ila tumeusahau msingi wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hamiliki kundi. Amekabidhiwa. Huku kwetu hata mtoto wa shule ya msingi anayeachiwa mbuzi wa jirani anajua kwamba mbuzi akianza kukata roho hukai chini ya mti ukasema mwenyewe yuko sokoni Gakoromone.

Na wanazuoni hawakuliacha jambo hili hewani. Mei 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Jeddah likatoa azimio lake nambari 67 kuhusu matibabu. Natamani kila msikiti wa Meru na Embu ungelisoma baada ya swala ya Ijumaa. Linasema kujitibu kunakuwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kupoteza maisha au kiungo au kulemaa, au ugonjwa kuwaambukiza wengine. Linasema idhini ya mtoto hutolewa na walii wake kwa yale yenye maslahi kwa mtoto. Kisha linaongeza jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nililia: walii akikataa, na kukataa kwake kuna madhara ya wazi kwa mtoto, kukataa huko hakuhesabiwi. Haki ya kuamua inahamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mtawala. Na katika dharura, maisha yanapokuwa hatarini, tiba haisubiri idhini ya mtu.

Isome tena, ndugu yangu. Ikiwa neno la baba aliyepo, anayekataa kwa kinywa chake, linaweza kuondolewa na sharia, vipi neno la baba asiyepo, ambaye hata hajaulizwa, likamzuia mtoto kupata damu?

Sheria ya nchi nayo inakubaliana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya matibabu na inasema wajibu wa kumlea ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo sahihi ya mama inatosha. Sijawahi kuona hospitali ikiikataa. Nimeona tu akina mama wasioamini kwamba inatosha.

Kuna watakaonijibu kwa tawakali. Watasema uhai na mauti viko mkononi mwa Mungu, na hospitali haimzuii Malaika wa Mauti. Ni kweli. Lakini Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Mama anayeshuka kwenye bodaboda mlangoni mwa hospitali usiku wa manane, mtoto mgongoni, yumo katika kadari kama yule aliyebaki nyumbani.

Wengine ni waganga na walimu wetu wa chuoni, ambao huwaambia wazazi wasubiri dua ifanye kazi kwanza. Mimi siipingi dua. Nimesoma Ayatul Kursiy kwenye vichwa vya watoto wengi huku nikitafuta mshipa wa kuwawekea dripu. Kinachouma ni lile neno "kwanza." Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kuna mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akaota usiku, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa, mradi maji yapo lazima aoge. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alikasirika, akasema wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Watu wale hawakumshika kisu. Walimpa fatwa tu. Maalim anayemwambia mama "subiri kwanza" bila kumuuliza muuguzi hali ya mtoto aifikirie hadithi hii kabla ya kulala.

Tharaka, jirani zetu, kuna wafuasi wa dhehebu la Kavonokya, ambao hawaendi hospitali na hawachanji watoto. Kila habari zao zinapotangazwa, kwamba maafisa wamewachukua watoto wagonjwa kwa nguvu wakatibiwe, mitaani kwetu watu hutikisa vichwa na kusema, ama kweli watu hawa wamepotea. Nami hujiuliza kama mtoto anayekufa huko kwa sababu wazazi wake wameamua dawa ni dhambi, na mtoto anayekufa kwetu kwa sababu baba yuko Moyale, watatofautishwa vipi kaburini.

Niseme jambo lingine, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila tiba ni wajibu. Nimewauguza watoto wenye saratani ambao dawa zilikwisha kushindwa, wazazi wakaamua kuwarudisha nyumbani wafie mikononi mwao, penye harufu ya chai ya tangawizi na sauti za ndugu zao wakicheza. Wazazi hao hawakutenda kosa, na muuguzi aliyewaangalia kwa jicho baya ndiye aliyekosa. Mtume mwenyewe aliletewa mjukuu wake, mtoto wa bintiye Zaynab, roho ikimtoka, akampakata na machozi yakamtiririka, na alipoulizwa akasema hiyo ni huruma Mungu aliyoiweka katika mioyo ya waja wake. Kuna wakati wa kupakata. Lakini kichomi si saratani iliyoshinda dawa. Malaria si saratani. Mtoto wa 3.4 mwenye pakiti ya damu kwenye friji si wa kupakatwa. Ni wa kukimbizwa.

Na wako wanaochelewa kwa sababu ya fedha. Hofu yao si ya uongo. Wameona watu wakizuiliwa wodini kwa deni, na sisi tunaotakiwa kuzika mapema tunaogopa zaidi maiti kushikiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Uamuzi upo, ila usiku wa manane mlangoni hakuna anayeubeba mfukoni. Ndiyo maana nimewaomba wazee wa msikiti wetu watenge sehemu ya sadaka ya Ijumaa kwa mtoto mgonjwa, isiulizwe ni wa nani. Tunachangia mabasi ya mazishi kwa saa moja. Mtoto anayepumua bado hatujamfungulia daftari.

Narudi kwenye ile pakiti ya mwisho.

Kwa nini ilikuwa ya mwisho? Embu ina mojawapo ya vituo vya kanda vya damu nchini, pamoja na Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Lakini kituo hakitengenezi damu. Damu hutoka mishipani mwa watu, na nchini Kenya watu hao kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Novemba, friji hupungua. Damu nzima ikishatolewa hukaa siku 35 tu, haiwezi kuwekwa akiba ya mwaka kama mahindi ghalani. Na haiwezi kutoka mkononi mwa mjomba ikaingia moja kwa moja kwa mtoto. Ni lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kwa hiyo damu itakayomfaa mtoto wa usiku wa leo ni ile iliyotolewa juma lililopita na mtu asiyemjua.

Mwaka ule Agosti na Ramadhani zilikuja pamoja. Wanafunzi wako nyumbani, na Waislamu wazima wanasema wamefunga. Nikamuuliza tena maalim wangu. Akanieleza kwamba kwa madhehebu ya Shafi kuumikwa hakufunguzi, na kutoa damu kunafuata hukumu hiyo, ila yule atakayedhoofika ni bora angoje futari. Madhehebu ya Hanbal yanaona kuumikwa kunafunguza. Basi aliye na shaka atoe baada ya Tarawehe. Mtu wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 na zaidi, asiye mgonjwa, hutoa mililita 450, na mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu. Mililita 450. Mtoto wa miezi tisa mwenye kilo nane, damu yote iliyo mwilini mwake haifiki hata mililita 700.

Tangu nistaafu nimekuwa nikizunguka misikitini na ombi hili la kutoa damu. Kina baba hunisikiliza kwa adabu, hunikaribisha chai, huniita mama. Wakati wa kukunja mikono ya kanzu, wanaobaki ni vijana wa bodaboda na akina mama wa upande wa pili wa pazia. Nawashukuru hao. Lakini baba anayetaka neno lake lingojwe kabla ya mtoto kuongezewa damu, na mwenyewe hajawahi kutoa hata tone, anadai haki ambayo hajailipia.

Maimamu wetu, kuanzia Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu hadi Meru na Maua, nawaomba mambo mawili. Someni azimio lile la Jeddah mimbarini, kwa Kiswahili, polepole, upande wa wanawake wakisikia. Na wapeni wauguzi wa wodi za watoto nambari zenu za simu, mlale simu ikiwa wazi, kama alivyolala maalim wangu. Madaktari na wauguzi wenzangu, mkikutana na bibi mwenye mtandio anayekataa, msimpigie kelele. Muulizeni anaogopa nini, kisha mtafuteni anayeweza kumjibu kwa lugha yake.

Na wewe baba unayesoma haya Isiolo, Moyale, Nairobi au Mombasa, ukiwa kwenye lori au dukani au kazini: piga simu nyumbani leo kabla ya Magharibi. Mwambie mke wako, mama yako akiwa karibu anasikia, kwamba mtoto akiugua wasikungoje. Sahihi ya mama yake ni sahihi yako.